Kwa Nini Mita Yangu Haikusomwa

Nichekeni tu, ndugu wasomaji, mie nimeshajicheka. Nyumba yangu ya Temeke ina taa za stimu, na mita iko uani, karibu na bafu la makuti ambalo kuta zake hazifiki chini. Juzi bili ya tatu mfululizo ikaja imeandikwa "makadirio": hawakusoma mita, wamekisia tu.

Nikavaa viatu vyangu vya rangi mbili, vyeupe na vyekundu, nikaenda ofisini kufoka mbele ya watu. "Msoma mita wenu mvivu! Hajakanyaga kwangu hata siku moja!"

Akaitwa. Alipoingia na kaptula yake ya kaki na daftari, nikanywea. Kumbe ndiye niliyemdhani bwana afya, mkaguzi wa viluwiluwi vya mbu! Pipa langu linavyo tele, basi kila akipiga hodi nilijitupa bafuni, nikamwaga maji kwa kata kama ninayeoga.

"Nimefika mara tatu," akasema kwa upole. "Kila mara uani kuna mtu anaoga, nami naondoka kwa adabu."

Macho yake yakashuka hadi miguuni pangu, yakaganda.

"Lahaula! Kumbe ni wewe, bwana, unayeoga na viatu!"