Wasifu wa Leticia

Katika duka la steshenari pale Ngamiani, Mastura huchapa bila kugusa mausi. Ctrl na C anakopi, Ctrl na V anabandika, foleni inasogea.

Asubuhi moja akaja Mzee Zabron, aliyekuwa mkata mkonge, anataka kuchapiwa wasifu wa marehemu mkewe, usomwe kanisani mchana uleule.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, binti. Aliitwa Leticia."

Mastura akafungua wasifu wa marehemu mwingine, kama afanyavyo siku zote. Akabonyeza Ctrl na H, na kila palipokuwa na jina la yule wa zamani pakakaa Leticia. Akabadilisha tarehe, akamgeuzia mzee kioo cha kompyuta.

Mzee akasoma polepole. "'Alikuwa mpole, mwenye maneno machache.' Binti, huyu ni nani?"

"Si mama, mzee?"

"Leticia? Maneno machache? Tukimzika huyu, watu wataniuliza wangu nimemficha wapi!" Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Watamsoma mara moja tu, mwanangu. Halafu basi."

Mastura akakirudisha kioo upande wake. Akabonyeza Ctrl na A, maandishi yote yakawa buluu, akayafuta. Foleni ikaguna.

"Haya, mzee, nisimulie. Alikuwaje?"

"Mkali. Andika hivyohivyo. Mkali, na akiimba shambani hata mnyapara anasimama kumsikiliza."

Mastura akaandika neno kwa neno, kwa mwendo wa mzee. Na kila sentensi ilipokwisha alibonyeza Ctrl na S kuihifadhi, Leticia asije akapotea tena.