Mwalimu Asiyejua Kiingereza

Jirani wa Liao Shufen, Bi Marlene Pruitt, anawaambia watu kwamba Shufen alimfukuza mtoto aliyefiwa. "Kabinti kametoka kuzika baba, kanamkimbilia, yeye anakageuzia mgongo! Moyo gani huo, jamani?"

Hakumgeuzia mgongo. Lakini alichofanya hakina nafuu sana.

Saa mbili asubuhi, theluji imeganda kwenye ngazi za shule ya msingi ya mji huu mdogo wa Utah. Shufen, mwenye miaka hamsini na mitatu, anawavua watoto wa darasa la kwanza mabuti huku akiwasalimu kwa Kichina. Nusu ya siku wanasoma kwa Kichina katika chumba hiki, nusu nyingine kwa Kiingereza chumba cha pili.

Yeye ni msaidizi wa mwalimu katika chumba cha Kichina, na humo sharti ni moja: watoto waamini kwamba hajui Kiingereza hata chembe. Wakigundua anakijua, Kichina watakikwepa.

"Nikimwona mwanafunzi dukani, jibini naionyesha kwa kidole," anasema, akicheka. "Muuzaji ananitania, 'Mama Liao, leo umekuwa bubu?'"

Kicheko kinakatika. Mwezi Januari, Tessa Halvorsen, mtoto wa miaka sita, alimfuata penye kulabu za makoti akamnong'oneza kwa Kiingereza: "Baba yangu amekufa. Tumemzika jana."

Wenzake walikuwa wamejipanga nyuma yake. Shufen akamjibu kama anavyowajibu wote kila siku: "Sema kwa Kichina."

"Lilinitoka kabla sijafikiri," anasema. "Tumewafundisha matunda, rangi, mvua na jua. Msiba angeusemaje?"

Tessa alitundika koti, akaenda kukaa. Nyumbani mama yake akamtuliza: mwalimu hakukuelewa, mwanangu, si kosa lake. Mtoto akaamini. Kesho yake akarudi kumshika Shufen mkono, na akaendelea hivyo kila asubuhi.

"Mkono ule ndio ulionishinda. Ananishika kwa kunihurumia, mimi!"

Alimweleza mkuu wa shule kwamba anataka kuzungumza na mtoto. Akaonywa: akivunja sharti, mwakani atarudi jikoni mwa shule, alikoanzia kazi. "Basi nitaosha sahani," anasema Shufen. "Nilikuwa naziosha vizuri."

Wakati wa mapumziko anamkuta Tessa peke yake kwenye benchi, mkabala na bembea. Anachuchumaa mbele yake, anamshika mikono.

"Pole kwa kufiwa na baba, Tessa," anasema, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Mtoto anamkodolea macho mdomoni. "Kumbe unajua?"

"Najua."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

Tessa anachomoa mikono yake kwenye mikono ya Shufen, anaitia mifukoni.

Shufen anapangusa theluji upande wa pili wa benchi, taratibu, mpaka mbao zinaonekana.

"Naomba nikae na wewe kidogo. Naweza?"

Tessa anaangalia bembea.