Picha ya Tusekile na Kichanja cha Kahawa

Mwanangu, ile siku ya jua kali kule Iyula haijanitoka, na nikiisimulia moyo bado unanidunda kama wa msichana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mto ukaingia majumbani. Hakufa mtu, Bwana asifiwe. Lakini sanduku la bati la jirani yetu, Mama Tusekile, lilitolewa limejaa tope, na humo ndimo zilimokuwa picha zake zote. Tusekile alikuwa binti yake, aliyefariki akiwa na miaka sita. Alipigwa picha mbili tu maishani mwake, moja ikiwa kwenye fremu ya kioo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya, nikajitolea kabla ya kuombwa. Nilizisuuza zile picha harakaharaka, nikazianika kwenye kichanja cha wavu cha kukaushia kahawa, saa sita mchana. Sisi watu wa Mbozi, kitu kikilowa tunawaza kichanja. Kisha nikaenda zangu mazoezini, nikijiona mtumishi mwema.

Niliporudi, picha zilikuwa zimejikunja kama maganda. Nikazivuta, nyuso zikabaki kwenye wavu. Mmoja ulikuwa uso wa Tusekile.

Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Imebaki ile ya kwenye fremu."

Hiyo nayo ilikuwa imegandamana na kioo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuichokonoa kwa ukucha.

"Wee binti, koma hapohapo!"

Alikuwa Mzee Simbeye, mpiga picha wa Tunduma, aliyefunga studio yake akaja na mabeseni kutusaidia. Alikitazama kichanja, akatikisa kichwa.

"Kahawa yenyewe jua likiwa kali mnaifunika isipasuke. Picha ya mtoto wa watu ndiyo unaiacha iungue?"

"Nilitaka kusaidia, mzee."

"Najua. Ulimuuliza nani?"

Nikauondoa ukucha wangu kwenye picha, mwanangu.

Akaniketisha mbele ya beseni la maji safi ya baridi, tukaizamisha picha pamoja na kioo chake. "Kazi yako ni kubadilisha maji yakichafuka," akasema. "Picha usiiguse."

Nilibadilisha maji sijui mara ngapi, nikiomba kimoyomoyo, mikono imekufa ganzi. Alasiri, kona moja ikajiinua yenyewe. Nikapiga kelele! Mzee akapitisha kidole chini yake, taratibu, picha ikaachia kioo, ikaelea. Gauni lilikuwa limefutika nusu, lakini uso ulikuwa mzima, tena unacheka.

"Kapengo kake!" Mama Tusekile alilia na kucheka kwa pamoja. "Jamani, nilishasahau kama alikuwa na kapengo! Njooni mwone!"

Majirani wakaja mbio, vigelegele vikapigwa hadi ng'ambo ya mto. Na unajua tuliianika wapi? Palepale kichanjani, ila safari hii juu ya shuka safi, chini ya kivuli cha turubai.

Siku hizi maji yakiingia kwa watu, ninyi vijana wa usharika mnanipitia na mabeseni yenu, nami nafurahi hadi nasahau magoti yangu. Mna simu: ipigeni ile picha kwanza ingali na tope, ndipo muiguse. Lakini kabla ya simu na beseni, keti na mwenye picha. Muulize, huyu ni nani? Ipi imebaki moja tu? Ningemuuliza Mama Tusekile hivyo, angebaki na zote mbili. Alinisamehe siku ileile, nami namshukuru Mungu kwa hilo, lakini ile moja haikurudi. Moyo wa kusaidia unao, mwanangu, na ni zawadi kubwa. Usiukimbize hadi ukamwacha nyuma mtu unayemsaidia.

Mungu aitulize mikono yako, akupe subira ya kungoja kona ijiinue yenyewe. Na itakapojiinua, akupe furaha kama ile yangu, upige kelele hadi majirani waje mbio. Amina.