Nafasi Kumi za Jina la Mashine

Mukandori amekuwa sekretere wa parokia moja ya Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na tisa. Majina ya wabatizwa wote yamo ndani ya programu ya zamani ya FoxPro, aliyoiandika mwalimu Esdras kabla hajarudi kwao Ntoto kulima. Juma lile ordinateri ya zamani, yaani kompyuta ya ofisi, iliungua. Ikaletwa mpya, faili zikahamishwa kutoka kwenye kopi, lakini programu ikaandika tu "Mashine haijulikani", ikajifunga.

Mukandori hakuelewa. Mashine ilikuwa mbele yake, inawaka. Nani haijui?

Nje kwenye benchi alikaa Mama Drocella, aliyekimbia vita mara mbili akapoteza karatasi zote. Binti yake alikuwa afunge ndoa huko Shasha Jumamosi, na padri wa huko alitaka cheti cha ubatizo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mukandori alimpigia Esdras mara sita bila kumpata, maana shambani kwake hakuna rezo ya simu. Basi akafungua mwenyewe maandishi ya programu. Katikati ya maneno ya Kiingereza asiyoyajua alikuta Esdras ameandika kwa Kifaransa kwamba hapo programu inaiomba Windows jina la mashine, ili lichapwe kwenye kila cheti. Chini yake palikuwa na agizo la kuacha nafasi kumi tupu za herufi. Akahesabu jina la mashine mpya: herufi kumi na tano. Labda halienei, akawaza. Akaandika ishirini, akaijenga programu upya jinsi Esdras alivyomfundisha zamani.

Ikakataa vilevile. Sasa alichanganyikiwa kuliko asubuhi.

Saa tisa alasiri Esdras akapiga simu. Alimweleza kwamba programu yake haijui jina la mashine. Inaiomba Windows, na inapaswa kuitayarishia nafasi tupu ya kuandikia jibu. Nafasi isipotosha, kama kwa jina hili refu, Windows haiandiki kitu, na programu inajifunga.

"Lakini niliongeza nafasi," Mukandori akasema.

"Uliongeza, Mama, lakini haukuiambia Windows. Kwa mustari wa juu kuko kumi ingine. Windows inaamini ile namba, haiangalie nafasi."

"Juu ya nini haiangalie?" Mukandori akataka kujua sababu.

"Hata mimi sijue," Esdras akasema. "Njo vile waliifanya."

Mukandori akabadilisha kumi ya pili kuwa ishirini, akaijenga upya, na programu ikafunguka. Cheti kilipotoka, Drocella aliuliza zile herufi za chini ni za nini. Mukandori akajibu kwamba ni jina la ordinateri, ila aliyeipa jina hilo hamjui. Drocella akakunja cheti, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda kutafuta moto, pikipiki ya abiria, ya kumfikisha Sake, njiani kwenda Shasha, kabla ya giza.

Mukandori alibaki akizitazama zile ishirini mbili. Moja ilikuwa nafasi, nyingine ilikuwa habari ya nafasi. Alizisoma tena na tena kwa sauti ndogo, na bado hakuona kwa nini moja isingetosha.