Chombo cha Kilwa Kilichosuguliwa Mno

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Mbinga mjini haujaachia mapaa, Bi Somoe Masoudi anapuliza mkaa chini ya dele lake la kahawa. Mteja wa kwanza ni Othmar, mkulima wa kahawa kutoka kijiji cha Mapera, ambaye hadi mwaka juzi alikuwa hajawahi kuonja zao lake mwenyewe likiwa kikombeni.

"Shikamoo, bibi. Kile chombo cha ulanzi hakijambo?" anachokoza.

"Marahaba. Kunywa unyamaze."

Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe kwa watu binafsi, mji umejaa wanunuzi, na mama huyu wa miaka sitini na mmoja huuza vikombe themanini kwa siku badala ya thelathini vya zamani. Wengine huja kukiona chombo tu.

Ni cha udongo, kizito, kinaenea viganjani. Mdomo wake ni mwembamba, na kitako kimechongoka hata hakisimami chenyewe. Babu yake Bi Somoe alikuja nacho kutoka Kilwa Kivinje. Bibi yake alimwambia ni cha marashi ya maharusi. Othmar, kwa utani wake, ameutangazia mji kwamba babu alifichia ulanzi, ile pombe ya mianzi, humo, na jambo hilo linamkera Bi Somoe kuliko anavyokubali.

"Bibi yangu hakuwa mwongo," anasema. "Nilitaka hilo tu lithibitike."

Ndiyo maana aliposikia mtafiti wa vitu vya kale anakuja kutoka Dar es Salaam, alijiandaa vilivyo. Alikisugua chombo kwa majivu na mchanga, akakimiminia maji ya moto mara tatu, hadi ukoko mweusi wa ndani ukatoka wote.

Mtafiti huyo, Kauthar, alichungulia ndani, akakaa chini. Alieleza kwamba vyombo vya namna hii vilitengenezwa katika nchi za Kiislamu karne nyingi zilizopita, na wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema vilikuwa vya zebaki, wengine vya marashi au dawa, wengine vya kurushia moto vitani. Wapo pia wanaotaja pombe. Ukoko ule ndio ungetoa jibu.

"Mwanangu, ningempa mgeni chombo kichafu?" Bi Somoe aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Ilibaki njia moja: kumega kipande, udongo wenyewe ukapimwe, huenda ulifyonza kitu. Kauthar alilisema hilo taratibu, wala hakumlazimisha.

Bi Somoe alikipakata chombo siku mbili nzima. Siku ya tatu akakataa.

"Nikikimega, ni sawa na kumwambia bibi yangu huko kaburini kwamba simwamini."

Sasa ana mpango. Desemba mjukuu wake anaolewa Chiwanda, na marashi ya waridi yameshaagizwa Lindi. Yatatiwa humo, na kila mwanamke harusini atajipaka.

"Atakayeuliza tena kilikuwa cha nini," anasema, akimjazia Othmar kikombe cha pili, "nitamwambia anuse."