Elina Bado Anapokea Wageni

Kiwanda cha chai kilipouzwa kwa mwekezaji, Ezron alikuwa miongoni mwa makarani waliopunguzwa. Alirudi nyumbani Msasani, ile ya Tukuyu, na ujuzi wa kompyuta, na mkewe Elina hakutaka ukae bure. Elina alikuwa na gesti ya vyumba viwili nyuma ya nyumba yao, kwa ajili ya watu wanaokuja kupanda Mlima Rungwe.

"Nitengenezee na mimi tovuti," alisema. "Ila isiwe kama ya ile hoteli ya barabarani."

Tovuti ya hoteli ile ilijaa picha za kurukaruka. Kwa laini za simu za wakati ule ungeweza kumaliza kikombe cha chai kabla haijafunguka, na fundi wake alipohamia Dar, ikafa. Ezron akafanya kinyume. Elina alisema, yeye akaandika maandishi matupu, akayawekea alama chache za kuyageuza ukurasa, akayabeba kwenye disketi hadi intaneti kafe ya Mbeya akayapandisha. Hapakuwa na cha kuharibika.

"Mimi ni Elina," ukurasa ulianza. "Ukifika Tukuyu nipigie simu. Nitakuja mwenyewe kukupokea stendi, hata mvua ikinyesha."

Wageni wakaja, na Elina akawafuata kila mara na mwavuli wake. Kisha masika ya mwaka 2003 akashikwa na homa ya mapafu. Haikuchukua hata wiki. Wakamzika ubavuni mwa nyumba, penye migomba.

Mwezi haujaisha, simu ya Elina ikalia. Ezron alikuwa hajapata moyo wa kuizima.

"Naongea na Elina? Nimeshafika stendi."

Akachukua mwavuli, akaenda.

Wakaja wengine, na wengine tena. Kuurekebisha ukurasa ilikuwa kazi ndogo sana. Alikwenda Mbeya kwa ajili hiyo, akafungua faili, akakiweka kishale kwenye "Nitakuja mwenyewe", vidole vikagoma. Alikuwa amemsikia Elina ndani ya maneno yale, na kile kicheko chake kidogo kabla ya kutaja mvua. Akalipia muda wake, akarudi nyumbani. Wageni walipouliza mwenyeji wao yuko wapi, alijisikia akijibu, "Amekwenda Kyela, kwa ndugu zake." Pale stendi wapiga debe wakaanza kunong'ona kwamba yule marehemu anaita watu.

Kiangazi kilipoingia akaja Veronika, mwalimu mstaafu kutoka Njombe. Alikuwa ameupenda ukurasa ule kwa jinsi ulivyozungumza, akasema atamsubiri mwenyewe arudi. Kila asubuhi, akitoka bombani, aliuliza, "Leo atafika?" Ezron alijibu, "Huenda leo." Ikafika mahali na yeye akawa anatega sikio getini, na mlango ukigongwa moyo unampiga.

Aliyegonga mchana mmoja alikuwa Atuganile, mdogo wake Elina, ametoka Mpuguso na mkungu wa ndizi kichwani. Veronika akainuka kwa furaha.

"Ndiye wewe Elina?"

"Hapana, mama. Mimi mdogo wake."

"Basi tuambie, anarudi lini kutoka Kyela?"

Atuganile akautua mkungu polepole. "Shemeji, umemwambia nini huyu mama?"

Ezron hakuinua uso. Atuganile akamshika mgeni mkono, akamwonyesha migombani. Veronika alikuwa amefunga kamba ya kuanikia pale pale, na kanga yake ilikuwa inaning'inia juu ya tuta ambalo hakujua kuwa ni kaburi. Akaenda, akaianua, akaikunja.

"Nisamehe, mwenzangu," aliliambia kaburi. Kisha akamgeukia Ezron. "Baba, mbona umeniacha nimngoje?"

Ezron akaenda kuifungua ile kamba.

Juma lile alikwenda Mbeya. Hakufuta neno. Juu kabisa aliandika: "Elina alifariki masika ya mwaka 2003. Maneno yaliyo hapa chini ni yake. Atakayekupokea ni mimi, Ezron, mume wake."

Wageni hawakukoma. Ila sasa walishuka basi wakisema, "Pole sana, mzee," kisha wakauliza habari za mlima. Simu ikilia wanamtaka yeye. Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo hakuwa ameitarajia, maana hapakuwa tena na mtu wa kuuliza Elina yuko wapi. Siku nyingine, akiwa Mbeya kwa shughuli zake, huingia kafe, akaufungua ukurasa, akauruka mstari wake mwenyewe, akasoma ule wa chini kwa sauti ndogo, mpaka aliyeketi jirani anageuka kumtazama.