Siku Tuliyoitengeneza Baiskeli ya Gwakisa

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, njia ya kutoka Katumba Songwe imekuwa uji mtupu, kaka yangu Gwakisa aliingia uani asubuhi akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, usukani umegeukia pembeni. Mwenyewe alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, na anacheka.

"Daraja la mbao limenitupa," alisema. "Usukani umenichoma kidogo hapa ubavuni. Si kitu."

Tukamwamini. Baiskeli ile ndiyo iliyotulisha. Wakati huo pikipiki hazijajaa kama sasa. Gwakisa alibeba abiria kutoka Bondeni hadi mpakani, na kesho yake ilikuwa siku ya soko Ipinda. Basi nyumba nzima ikaingia kazini. Baba akashika spana. Jirani yetu Ambakisye, aliyekuwa fundi, akaja na nyundo, wakailaza ringi juu ya gogo na kuinyoosha polepole. Mimi nilisafisha mnyororo kwa mafuta ya taa. Gwakisa alikaa kwenye kigoda akikaza spoki, moja baada ya nyingine, akilizungusha gurudumu na kulitazama kama bado linayumba. Mara kwa mara aliacha, akainama, akapumua kwa kinywa, kisha akaendelea. Nilimwona. Nilidhani anachungulia spoki.

Mama alileta wali na samaki. Gwakisa hakugusa.

"Umeumia, mwanangu?"

"Mimi mzima, Mama. Nina kiu tu."

Akanywa maji, akaomba mengine. Mwanamume anayelisha nyumba huona haya kusema anaumwa, nasi tuliomtegemea tulipenda kusikia kwamba ni mzima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema wanaomsaidia kuficha huitwaje.

Alasiri baiskeli ilisimama. Baba alilizungusha gurudumu, likaenda sawasawa bila kugusa breki, tukashangilia. "Ndaga," Gwakisa alimshukuru Ambakisye kwa Kinyakyusa chetu, akataka kuinuka, miguu ikakataa. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Mama alimfunua shati: tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Hakukuwa na chombo kingine. Tulimpakia kwenye baiskeli hiyohiyo, Baba akisukuma, mimi nikimshikilia mgongo. Gurudumu halikuyumba hata kidogo. Kabla hatujafika hospitali alilaza kichwa begani mwangu, akawa mzito. Daktari alituambia damu ilikuwa ikivujia ndani tangu alipoanguka. Tungewahi, pengine angepona.

Baada ya mazishi Ambakisye alikuja kutupa pole. Mama alimtazama yeye, akamtazama Baba, akanitazama na mimi.

"Kila spoki mliishika kwa mkono," alisema. "Mwanangu nani alimshika?"

Baba aliishi miaka mingi baadaye akafa bila kujibu, na mimi hapa nimezeeka, jibu sina.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayeshinda juu ya pikipiki. Chuma husubiri, mwili hausubiri. Ukianguka, sema unapoumia, hata kama mbele yako wapo watu wanaokutegemea. Hao ndio wa kuambiwa kwanza. Mwenzio akianguka, kiache chombo chake palepale matopeni. Mkalishe, mguse, mtazame anavyopumua, na akikataa chakula usiuamini mdomo wake. Mpeleke akatazamwe, hata akikutukana njia nzima. Heri matusi ya mtu aliye hai.

Nenda, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima, na akupe watu wa kukuuliza mara ya pili.